Tairi Lisilokiri

Gari nimelinunua, usiniulize tena kwa nini.
Milango miwili, tumbo karibu na lami, rangi ya pilipili iliyoiva.
Lilishushwa Durban, likaja mgongoni mwa lori hadi Kasumbalesa,
na mimi, mhasibu wa kinu cha unga, miaka hamsini na miwili,
nililipa ushuru nikitetemeka kama bibi arusi.

Limebaki jambo la matairi.

Bwana Kazadi, dukani kwake penye kiyoyozi,
anagonga ubavu wa tairi kwa kifundo cha kidole: ko, ko.
"Sikia, mama. Ukuta mgumu. Msumari ukiingia, upepo wote ukitoka,
wewe unaendelea tu. Kilomita themanini, kwa mwendo wa themanini.
Hushuki. Huchafui viatu."
Ananifungulia buti: hamna hata shimo la tairi la akiba.
Waliolitengeneza hawakuwaza
kwamba litatoboka mahali pasipo na wa kulipokea.

Themanini. Nikapiga hesabu, ndiyo kazi yangu.
Kutoka hapa Lubumbashi hadi kwa baba, Likasi, ni mia na ishirini.
Msumari nikiukuta mapema, mjini sijauacha vizuri,
nitaishia Luishia.
Nilicheka peke yangu. Bwana Kazadi hakucheka;
labda amewahi kukwama huko.
Na arobaini zinazobaki? Nizisukume?

Chabala, kwado wa Katuba, hana kiyoyozi.
Ana beseni la maji ya sabuni, kompresa inayokohoa,
na kidole gumba kisicho na ukucha.
Nilimpelekea tairi moja la Bwana Kazadi, la kuazima.
Akalipanda kwa magoti, akaingiza chuma, akasukuma
mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.
Tairi likamtazama tu.
"Mama, hii pine inaringaka," akasema, anajifuta jasho.
"Ikitoboka ku njia, nani atakutengenezea? Utanunua ingine.
Pine yenye inaliaka, ile ndiyo inaponaka."

Najua ana maslahi yake. Kila pancha ni bukari ya watoto wake.
Najua pia matairi ya kawaida yatanilaza njiani siku moja,
malori ya shaba yakipita na kunitikisa,
mimi na sketi yangu ya kanisani
nimepiga magoti kwenye vumbi jekundu, naitafuta jeki.

Lakini nimewahi kuishi na kisichokiri.
Baba, miaka thelathini na mmoja kiwandani Shituru,
alirudi kila jioni mgongo wima, hakosi utani,
na kifuani upepo ulikwisha kutoka zamani.
Hatukusikia hata fyuu.
Daktari aliinua picha mbele ya dirisha, akatuuliza sisi:
"Hamkuona?"
Tungeona wapi? Alikuwa anaendelea tu.
Sasa analalia mito mitatu, na maneno anayahesabu.

Basi nimefunga ya kawaida, manne, laini ubavuni,
yale yanayovuta usukani upande na kupiga kelele
mara tu yanapoumia.
Na mashimo ya njia yetu nayasikia kwa mbali, siyo uti wa mgongoni;
faida hiyo Bwana Kazadi hakuitaja.

La tano halikuenea kwenye buti.
Nimelikalisha kiti cha abiria, nikalifunga mkanda,
maana bila mkanda taa ya gari inalalamika mpaka Likasi.
Jumapili askari wa barabarani alinisimamisha,
akazunguka gari mara mbili akitafuta kosa,
akainama dirishani:
"Na huyu?"
"Mgeni wangu," nikasema. "Tunakwenda kumsalimu baba.
Mungu akipenda, hatashuka."